Mahakama ya Afrika ya Arusha: nani anaruhusiwa kufungua shauri, na hukumu ikitoka nani anaitekeleza?

msaidizi_kata

Wakuu, habari za wakati huu. Naomba wanaoifahamu kwa undani Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu watusaidie kunyoosha mambo, maana kwenye vikao vya msaada wa kisheria maswali ni yale yale na majibu yanapishana.

Mtu ameshindwa hadi Mahakama ya Rufani ya Tanzania. Je, bado anaweza kwenda Arusha? Wapo wanaosema mlango ulifungwa mwaka 2020. Wapo wanaosema haujafungwa, na mfano wao ni Waogiek wa Kenya, jamii ya asili ya Msitu wa Mau, walioshinda ilhali Kenya haijawahi kuwaruhusu wananchi wake kwenda pale moja kwa moja. Yote mawili yanawezekanaje?

Halafu akishinda anapata nini hasa? Kuachiwa, kulipwa, au sheria kubadilishwa? Na serikali ikikaa kimya nani anaibana, maana Mahakama ile haina askari wala dalali?

Naomba majibu yenye ibara na tarehe, ili tukimweleza mwananchi tusimpe matumaini ya uongo. Natanguliza shukrani.

---

Ibara ya Tano

Mkuu, yote mawili ni kweli, kwa sababu milango ni miwili na watu huichanganya.

Mahakama iliundwa na Itifaki iliyopitishwa Ouagadougou mwaka 1998 na kuanza kutumika 25 Januari 2004. Nchi ikiridhia Itifaki, inakuwa imekubali kushtakiwa na Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu (ile ya Banjul), na nchi nyingine, na mashirika ya kiserikali ya Afrika. Mwananchi hayumo kwenye orodha hiyo. Ili mwananchi, au asasi yenye hadhi ya mwangalizi mbele ya Tume, aweze kufungua shauri mwenyewe, nchi lazima itoe tamko la ziada chini ya Ibara ya 34(6) ya Itifaki. Bila tamko, Mahakama haina mamlaka, hata kama ukiukwaji uko wazi kabisa. Uamuzi wake wa kwanza kabisa, wa 15 Desemba 2009 dhidi ya Senegal, uliishia hapo hapo: Senegal haikuwa imetoa tamko, shauri likafungwa.

Nchi zilizoridhia Itifaki ni zaidi ya 30. Zilizowahi kutoa tamko ni 12 tu: Burkina Faso, Malawi, Mali, Tanzania, Ghana, Rwanda, Côte d'Ivoire, Benin, Tunisia, Gambia, Niger na Guinea-Bissau. Rwanda ilijiondoa mwaka 2016. Tanzania ilitoa taarifa ya kujiondoa Novemba 2019, kisha Benin na Côte d'Ivoire mwaka 2020, na Tunisia mwaka 2025.

Sasa hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Katika shauri la Victoire Ingabire dhidi ya Rwanda, Mahakama iliamua mwaka 2016 kwamba nchi ina haki ya kuondoa tamko lake, lakini kwa masharti: kujiondoa kunaanza kufanya kazi mwaka mmoja baada ya taarifa kuwasilishwa, na hakugusi mashauri yaliyokwisha kufunguliwa. Kwa Tanzania tarehe hiyo ni 22 Novemba 2020. Kwa hiyo shauri lililopokelewa na Msajili kabla ya siku hiyo linasikilizwa hadi mwisho, na ndiyo maana hadi miaka ya karibuni hukumu dhidi ya Tanzania zimeendelea kutoka. Shauri jipya la mwananchi wa Tanzania likipelekwa leo, linakataliwa kwa kukosa mamlaka, wala halifiki kwenye hoja.

Waogiek waliingia kwa mlango ule mwingine. Malalamiko yao yalipelekwa Tume mwaka 2009 baada ya kupewa notisi ya siku 30 kuondoka Msitu wa Mau. Tume ndiyo iliyoishtaki Kenya mbele ya Mahakama mwaka 2012. Kenya imeridhia Itifaki, hilo linatosha. Tamko halihitajiki mlalamikaji akiwa ni Tume.

---

Rufaa na Mapitio

Naongezea ya Ibara ya Tano kwa upande wa Tanzania, maana ndiko swali lilikoelekea. Njia zilizobaki ni hizi.

Tume ya Afrika. Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu (kwa kifupi Mkataba wa Afrika) tangu 1984, na kupeleka malalamiko Banjul hakuhitaji tamko lolote. Udhaifu wake ni kwamba uamuzi wa Tume unachukuliwa na serikali nyingi kama pendekezo. Ila Kanuni za Tume za 2020, kanuni ya 130, zinairuhusu kuyahamishia malalamiko Mahakamani ikiwa nchi husika imeridhia Itifaki. Zingatia wakati: uhamisho huo unafanyika kabla Tume haijaamua kama malalamiko yanakubalika. Ukingoja Tume ivutane na serikali kuhusu kukubalika ndipo ukumbuke Arusha, umechelewa. Ombi la kuhamishwa liandikwe mapema, lieleze kwa nini jambo linahitaji amri yenye nguvu ya kisheria. Tusidanganyane pia: Tume imefanya hivyo mara chache mno. Mashauri iliyopeleka ni matatu, mawili ya Libya na hilo la Waogiek.

Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki. Hii nayo iko Arusha na watu huichanganya na ile. Haidai umalize mahakama za ndani, lakini Ibara ya 30(2) ya Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki inakupa miezi miwili tu tangu kitendo kilipofanyika au ulipokijua. Kitengo chake cha Rufaa kilikwisha kukataa mwaka 2012 hoja kwamba ukiukwaji unaoendelea unasimamisha saa. Mtu anayesubiri hukumu ya Mahakama ya Rufani kuhusu kitendo cha miaka mitatu iliyopita amekwisha kupitwa. Halafu si mahakama ya haki za binadamu kwa jina: unalazimika kujenga hoja juu ya Ibara za 6(d) na 7(2) za Mkataba wa Jumuiya, yaani utawala bora, utawala wa sheria na haki zinazotambuliwa na Mkataba wa Afrika. Tangu uamuzi wa Katabazi wa mwaka 2007 Mahakama hiyo husikiliza hoja za namna hiyo.

Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa haimpokei Mtanzania wala Mkenya mmoja mmoja, kwa kuwa nchi hizo hazijajiunga na Itifaki ya Hiari ya kwanza ya Mkataba wa Haki za Kiraia na Kisiasa. Uganda imejiunga.

---

msaidizi_kata

Ahsanteni sana, hili la tarehe limenifungua macho. Je, kwa nchi ambazo mlango bado uko wazi, au kwa mashauri ya zamani ya Tanzania yanayosubiri, ni nini hasa huyaangusha? Tunasikia mengi "hayakukubaliwa" bila kujua sababu.

---

Mwandishi wa Maombi

Msaidizi, kwanza utofautishe mamlaka na kukubalika. Mamlaka ni kama Mahakama inaweza kumgusa mlalamikiwa, tarehe, mahali na haki inayodaiwa. Kukubalika ni masharti ya Ibara ya 56 ya Mkataba wa Afrika: jina la mlalamikaji lijulikane kwa Mahakama hata kama linafichwa kwa umma, maombi yasipingane na Mkataba, lugha isiwe ya matusi, ushahidi usiwe wa magazeti peke yake, njia za ndani ziwe zimemalizwa, maombi yaletwe ndani ya muda unaofaa, na jambo lisiwe limekwisha kuamuliwa na chombo kingine cha namna hiyo. Mahakama huyapitia yote yenyewe, hata serikali isipoweka pingamizi. Kwa hiyo usiseme "mlalamikiwa hakujibu, nimepita".

Yanayoua mashauri kwa vitendo ni mawili.

La kwanza ni njia za ndani. Kwa jinai Tanzania, ukifika Mahakama ya Rufani umemaliza. Hukumu ya 20 Novemba 2015, iliyohusu mfungwa wa miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, ilisema wazi kwamba ombi la mapitio mbele ya Mahakama ya Rufani na shauri la kikatiba Mahakama Kuu ni njia za ziada, hulazimiki kuzipitia. Hukumu hiyo ilisaidia pia mahali pengine. Mawakili wa Serikali walikuwa wakisema, "hoja ya kukosa wakili hakuitoa kwenye rufaa, asiitoe hapa." Mahakama ikajibu kwamba haki za mwenendo wa haki ni fungu moja. Mahakama za ndani zilikuwa na nafasi ya kuona mtu amesimama peke yake kwenye kosa zito, kwa hiyo nafasi ya kurekebisha walikuwa nayo. Lakini usiunyooshe mlango huu kupita kiasi. Haki isiyohusiana na mwenendo ule, mfano ubaguzi au mali, ikiwa haikuguswa kabisa huko nyuma, Mahakama huikataa na kuendelea na nyingine.

La pili ni muda, na hili ndilo linaloumiza zaidi. Ibara ya 56(6) haitaji miezi wala miaka. Mahakama huhesabu tangu hukumu ya mwisho ya ndani, au tangu nchi ilipotoa tamko kama hukumu ilitangulia, kisha hupima sababu za kuchelewa. Ufungwa, kutojua kusoma, umaskini, kutokuwa na wakili, kuwa kwenye hukumu ya kifo, kusubiri ombi la mapitio: yote hupokelewa. Sharti ni kwamba uyaseme na uyaonyeshe. Yapo mashauri ya miaka mitano na miezi kadhaa yaliyokubaliwa, na yapo ya muda wa namna hiyo hiyo, ya wafungwa vile vile, yaliyokataliwa kwa sababu maombi hayakueleza kilichowachelewesha. Kuandika "mimi ni mfungwa" na kuishia hapo hakutoshi. Andika: nakala ya hukumu ilipokelewa gerezani tarehe fulani, ombi la mapitio liliwasilishwa tarehe fulani na bado halijasikilizwa, kisha ambatisha karatasi yenye muhuri wa kupokelewa. Aya tatu za namna hiyo zimeokoa mashauri.

Kosa jingine ni kuandika maombi kama sababu za rufaa. "Shahidi wa pili alijichanganya, utambuzi ulikuwa wa usiku." Mahakama hii haikai kama mahakama ya rufaa juu ya mahakama za taifa, na imekuwa ikilisema hilo tangu uamuzi wa Mtingwi dhidi ya Malawi mwaka 2013. Inachopima ni kama namna ushahidi ulivyoshughulikiwa iliheshimu Mkataba. Kwa hiyo hoja hiyo hiyo iandikwe hivi: mahakama ya ndani haikuchunguza utetezi wa kutokuwepo eneo la tukio ingawa uliwasilishwa, jambo linalovunja haki ya kusikilizwa chini ya Ibara ya 7(1). Tukio ni lile lile, ila sasa Mahakama ina cha kushika.

Ada ya kufungua haipo. Mlalamikaji anaweza kujiwakilisha, na Mahakama ina mpango wake wa msaada wa kisheria kwa wasio na uwezo. Jaji mwenye uraia wa nchi inayoshtakiwa haketi kwenye shauri hilo. Wapo majaji 11, wanaobaki wanatosha.

---

Fidia na Vielelezo

Nichukue swali la "anapata nini", maana hapa ndipo naona nguvu nyingi ikipotea bure. Watu huandika kurasa 40 za ukiukwaji na mistari minne ya nafuu. Kinachotekelezwa ni ile mistari minne. Hukumu inayosema "haki imevunjwa" bila amri ya kufanya kitu kinachoonekana, kwa tarehe, ni rahisi sana kwa serikali kuifungia kabatini.

Msingi ni Ibara ya 27(1) ya Itifaki: Mahakama ikiona haki imevunjwa inatoa amri zinazofaa, pamoja na fidia.

Fedha. Ugawe madai mawili. Hasara ya mali lazima ithibitishwe kwa karatasi: stakabadhi, mkataba wa kazi, leseni ya biashara, vyeti vya matibabu, na uhusiano kati ya hasara na ukiukwaji. Katika shauri la mgombea binafsi, Mchungaji Mtikila alishinda hoja kuu 14 Juni 2013, lakini kwenye uamuzi wa fidia wa 13 Juni 2014 madai yake ya gharama na hasara yalikataliwa kwa kukosa vielelezo kama stakabadhi. Maumivu ya nafsi ni tofauti: Mahakama huyachukulia kuwa yapo, kisha hukadiria kwa uadilifu. Kwa wanafamilia, lete cheti cha ndoa au cha kuzaliwa. Wengi wamekosa kwa sababu hiyo tu.

Na mjiandae kwa viwango. Kwa mfungwa wa Tanzania aliyenyimwa wakili wa bure kwenye kosa zito, kiasi ambacho Mahakama imekuwa ikitoa mara kwa mara ni Sh 300,000. Ndiyo, laki tatu. Kwa upande mwingine, katika shauri la mwandishi Norbert Zongo aliyeuawa Burkina Faso mwaka 1998, uamuzi wa Juni 2015 uliwapa wajane faranga za CFA milioni 25 kila mmoja, watoto milioni 15 kila mmoja, na wazazi milioni 10 kila mmoja. Waogiek, uamuzi wa 23 Juni 2022: Sh za Kenya 57,850,000 kwa hasara ya mali na 100,000,000 kwa maumivu. Fidia hutolewa kwa fedha ya nchi yenyewe, bila kukatwa kodi, kwa kawaida ndani ya miezi sita, na ikichelewa inazaa riba kwa kiwango cha benki kuu. Sharti la riba liombeni bayana.

Kuachiwa huru. Hapa mwambieni mwananchi ukweli mapema. Mahakama huamuru kuachiwa pale tu penye mazingira ya kipekee na ya kulazimu. Kukosa wakili peke yake hakujafika hapo katika mashauri mengi. Mtu hushinda na kubaki ndani. Ombi lenye nafasi zaidi ni kusikilizwa upya, au kusikilizwa upya kwenye adhabu tu. Kama tayari amekaa miaka mingi na kurudia kesi kutamuumiza zaidi, elezeni hilo kwa tarehe na miaka iliyobaki, msimwachie jaji akisie.

Kubadilisha sheria. Hii ndiyo sehemu ambapo mtu mmoja anawavutia wengine maelfu. Hukumu ya 28 Novemba 2019 kuhusu adhabu ya kifo ya lazima kwa kosa la mauaji Tanzania haikuwahusu waliofungua peke yao. Mahakama ilisema kumnyima jaji uwezo wa kupima mazingira ya mkosaji ni kuondoa uhai kiholela, kinyume na Ibara ya 4 ya Mkataba wa Afrika, na kwamba kunyonga kunavunja utu chini ya Ibara ya 5. Ikaamuru ulazima huo uondolewe kwenye Kanuni ya Adhabu ndani ya mwaka mmoja, na walalamikaji wasikilizwe upya kuhusu adhabu. Angalia muundo wa amri: sheria ipi, kifungu kifanyiwe nini, muda gani. Sheria haikubadilishwa ndani ya mwaka huo. Mahakama imerudia amri hiyo kwenye hukumu nyingi zilizofuata, na kila moja inaingia kwenye taarifa ya utekelezaji kama deni jipya.

Kuchapisha. Watu hulidharau ombi hili. Kwenye uamuzi wa Mtikila wa 2014 Tanzania iliamriwa kuchapisha, ndani ya miezi sita, muhtasari rasmi kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, mara moja kwenye Gazeti la Serikali na mara moja kwenye gazeti linalosomwa nchi nzima, tafsiri ikiwa kwa gharama ya serikali, na hukumu nzima ikae kwenye tovuti rasmi mwaka mmoja. Kwangu mimi ombi la namna hii ni la lazima. Mfungwa na msaidizi wa kisheria hawawezi kuitumia hukumu wasiyoweza kuisoma.

Kinachokataliwa mara nyingi: kuombwa radhi hadharani na kujengewa mnara. Kwa Waogiek Mahakama iliona hukumu yenyewe na fidia vinatosha.

---

Ibara ya Tano

Fidia umeeleza vizuri sana. Nijibu la utekelezaji, halafu nitasema jambo moja ninalopishana nawe.

Kisheria mnyororo ni huu. Ibara ya 30 ya Itifaki: nchi imeahidi kutii hukumu ndani ya muda uliowekwa na kuhakikisha inatekelezwa. Ibara ya 31: kila mwaka Mahakama inapeleka taarifa kwenye Mkutano wa wakuu wa nchi wa Umoja wa Afrika, ikitaja kwa jina nchi ambazo hazijatii. Ibara ya 29(2): Baraza Tendaji, yaani mawaziri wa mambo ya nje, ndilo linalofuatilia utekelezaji kwa niaba ya wakuu hao. Tatizo linaonekana bila kulitafuta. Nchi inayotajwa imeketi kwenye baraza lile lile linaloamua, na maamuzi hutafutwa kwa maafikiano. Ibara ya 23(2) ya Sheria ya Msingi ya Umoja wa Afrika inaruhusu vikwazo, hata vya usafiri na mawasiliano, dhidi ya nchi isiyotii maamuzi ya Umoja. Haijawahi kutumika kwa sababu ya hukumu ya Arusha.

Ndani ya Mahakama yenyewe, kanuni ya 81 ya Kanuni za 2020 ndiyo ya kushika. Nchi inatakiwa kuwasilisha taarifa ya utekelezaji, taarifa hiyo inapelekwa kwa mlalamikaji atoe maoni, na Mahakama inaweza kuitisha kikao cha kuangalia utekelezaji. Mawakili wengi hufunga faili siku ya hukumu. Msajili akituma taarifa ya serikali inayosema "tuko kwenye mchakato" na mlalamikaji asijibu, kumbukumbu inabaki na kauli ya upande mmoja. Jibu kwa ukurasa mmoja: amri namba fulani, muda uliisha tarehe fulani, hadi leo hakuna malipo, hakuna muswada, hakuna tangazo. Hiyo ndiyo inayoingia kwenye taarifa ya mwaka.

Ninapopishana na Fidia na Vielelezo ni kwenye wazo kwamba amri yenye tarehe inatosha kuibana serikali. Waogiek walipata amri nzuri kuliko karibu zote: kupimiwa ardhi na kupewa hati ya pamoja ndani ya miaka miwili, mfuko wa maendeleo ya jamii ndani ya miezi 12, kushirikishwa kabla ya mradi wowote. Na bado Novemba 2023 watu waliondolewa Mau kwa nguvu. Linganisha na Burkina Faso. Mahakama ilisema 5 Desemba 2014, katika shauri la mwandishi Lohé Issa Konaté aliyefungwa miezi 12 kwa kumkashifu mwendesha mashtaka, kwamba kifungo kwa kashfa ni adhabu iliyopitiliza isipokuwa kwa mambo mazito kama kuchochea vurugu. Mwaka 2015 kifungo kiliondolewa kwenye sheria, fidia ikalipwa, na uchunguzi wa kifo cha Zongo ukafunguliwa upya. Mahakama ni ile ile na maneno ya amri yanafanana. Kilichotofautiana ni kwamba utawala wa Burkina Faso uliangushwa Oktoba 2014, na waliofuata walikuwa na sababu zao za kisiasa za kutekeleza.

---

Fidia na Vielelezo

Nakubali kuhusu siasa. Lakini amri yenye tarehe ina kazi nyingine hata serikali ikigoma: inampa mtu wa ndani kitu cha kushika. Mbunge anayeuliza swali bungeni, tume ya taifa ya haki za binadamu, wakili anayesimama mbele ya jaji wa Mahakama Kuu, wote wanahitaji sentensi moja wanayoweza kuinukuu. "Muda wa mwaka mmoja uliisha Novemba 2020" ni sentensi. "Serikali ichukue hatua zote stahiki" haibani mtu yeyote.

Tofauti na Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambao kwenye Ibara ya 44 unasema hukumu ya fedha itekelezwe kwa taratibu za kesi za madai za nchi husika, Itifaki ya Mahakama ya Afrika haina kifungu cha namna hiyo. Kwa hiyo usimwambie mteja kwamba atachukua hukumu ya Arusha na kukamata gari la wizara.

---

Rufaa na Mapitio

Kuna suala la amri za muda ambalo hakuna aliyeligusa, nalo lina uzito. Ibara ya 27(2) ya Itifaki: penye hatari kubwa na ya haraka, na madhara yasiyorekebishika, Mahakama inaweza kuamuru hali isimame hadi shauri liamuliwe, hata bila kuombwa. Kwa waliohukumiwa kifo imekuwa ikifanya hivyo kama desturi. Tanzania haijanyonga tangu 1994, ila amri inaondoa kubahatisha. Kwa Waogiek amri ya muda ilitoka Machi 2013, miaka minne kabla ya hukumu kuu ya 26 Mei 2017.

Ukiomba amri ya muda usiombe kitu kile kile unachoomba kwenye shauri kuu. Mfungwa anayeomba aachiwe kwa muda hukataliwa karibu kila mara kwa sababu hiyo, maana ni kuamua kesi kabla ya kuisikiliza.

Na amri hizi zina gharama yake kwa Mahakama. Aprili 2020 iliagiza Benin isimamishe uchaguzi wa serikali za mitaa katika shauri la mfanyabiashara na mwanasiasa Sébastien Ajavon, na ikaagiza Côte d'Ivoire isimamishe utekelezaji wa hati ya kumkamata Guillaume Soro, waziri mkuu wa zamani. Nchi zote mbili zilitangaza kuondoa matamko yao kipindi hicho hicho. Sisemi Mahakama ilikosea, kwa sababu mahakama inayopima kila amri kwa hofu ya kuachwa haitamlinda mtu. Ila anayeandaa ombi la aina hiyo ajue uzito wake, na aombe kile tu kinachozuia madhara.

---

msaidizi_kata

Nimeelewa, na nimeshukuru kuliko ninavyoweza kuandika. La mwisho: mashauri ya Tanzania yaliyofunguliwa kabla ya 22 Novemba 2020 na yakaamuliwa vibaya, kuna rufaa? Na sisi wasaidizi wa ngazi ya kata tunaweza kufanya nini sasa?

---

Mwandishi wa Maombi

Rufaa hakuna, Ibara ya 28 ya Itifaki inasema hukumu ni ya mwisho. Kuna mapitio, kwa ushahidi mpya ambao mhusika hakuujua wakati wa hukumu, na ombi lazima liwasilishwe ndani ya miezi sita tangu aupate. Kutoridhika na uamuzi hakuhesabiki kuwa ushahidi mpya. Kuna pia ombi la tafsiri ya hukumu, pale amri haieleweki namna ya kuitekeleza. Hilo linafaa kwa amri tata kama ya kusikilizwa upya ambapo magereza na mahakama hurushiana mpira.

Kwa kazi ya kata: tunzeni karatasi kuanzia mahakama ya wilaya. Nakala ya mwenendo wa kesi, hukumu, fomu ya kuomba wakili chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 na majibu yake, na kila barua yenye muhuri na tarehe. Mshtakiwa wa kosa zito akiomba wakili kwa mdomo, mwombeni hakimu aliandike kwenye mwenendo. Mahakama ya Rufani au Tume ya Banjul itasoma kilichoandikwa siku ile.